Ukijikaza, Farasi Anajua

Sisi wengine tumeishi Nairobi miaka yote hii kwa kipaji kimoja tu: kuogopa bila kuonekana. Mwenye nyumba anabisha hodi tarehe tano, unafungua mlango ukitabasamu. Mkubwa wa idara anakuita ofisini Ijumaa jioni, unaingia ukipiga mluzi. Matatu inapanda njia ya wapita miguu kukwepa foleni ya Ngong Road, nawe umeinamia simu unasoma matokeo ya mpira, uso mkavu. Moyoni mambo ni mengine, lakini moyo nani atauchungulia? Tumelelewa hivyo. Ukidungwa sindano unaambiwa ujikaze. Ukipelekwa jandoni unaambiwa ujikaze. Ukifiwa, wazee wanakushika bega na kukunong'oneza ujikaze, watu wanatazama. Nimejikaza tangu utotoni, na mpaka juzi sikuona hasara yake.

Halafu nikapandishwa farasi.

Sikuomba. Anayejifunza ni binti yetu, katika shule moja ya upande wa Karen ambayo ada yake siitaji, kwa kuwa nikiitaja shingo inakauka, na kukausha shingo nimeshakatazwa. Mama watoto alipiga hesabu zake akaona kwamba mgongo wangu umeharibika kwa kukaa kwenye kiti, kwamba dawa yake ni kukaa juu ya mnyama, na kwamba mzazi akijiandikisha pamoja na mtoto anapata punguzo. Punguzo ndilo lililoniponza. Nikakabidhiwa Captain, farasi mwekundu mwenye umri wa kustaafu na uzito wa kilo 500 hivi, pamoja na mwalimu wa kike ambaye ningeweza kumzaa. Akanizunguka, akanitazama nilivyokaa, akasema kwa adabu zote: "Mzee, legea."

Legea! Mtu yuko juu, mita moja na nusu na ushee kutoka ardhini, amekalia kiumbe chenye akili yake na mipango yake, halafu anaambiwa alegee. Na akikawia kulegea anaambiwa tena, safari hii kwa sauti ya kuvuka uwanja mzima. Jaribu nyumbani. Mpigie mtu yeyote kelele, "Legea!", uone mabega yake yatakavyopanda mpaka masikioni.

Basi tukaanza kuzunguka uwanja. Captain akawa anaondoka kabla sijamtuma, anasimama kabla sijamwomba, na kila tukifika upande wa mikalitusi anakata kushoto. Nikilalamika, jibu ni moja: "Ni wewe umemwambia, mzee." Nimemwambia saa ngapi? Sijafungua kinywa, meno nimeyauma.

Kumbe hayo meno ndiyo mwanzo wa hadithi.

Nikiogopa, magoti yangu yanabana. Siyaagizi, yanabana yenyewe. Magoti yakibana, makalio yananyanyuka kutoka kwenye tandiko, visigino vinapanda, vidole vya miguu vinageukia nje, na visigino vilivyopanda vinamgusa farasi ubavuni. Farasi aliyefunzwa akiguswa ubavuni anaelewa jambo moja tu: nenda. Anakwenda. Akienda, mimi naogopa zaidi, navuta hatamu. Hatamu zimefungwa kwenye lijamu, kile chuma cha mdomoni, nacho kinalala juu ya ufizi mtupu, pale pasipo na jino kati ya meno ya mbele na magego. Kwa hiyo mnyama anaamriwa kwa miguu aende na kwa mikono asimame, wakati mmoja, na bwana mmoja anayetabasamu. Akirusha kichwa kwa uchungu, mimi ndiye wa kwanza kusema ana kiburi.

Na mikono haikosei siku ya kuvuta tu. Farasi akitembea, kichwa chake kinakwenda mbele na kurudi kwa kila hatua, na mikono ya aliyempanda inapaswa kukifuata. Viwiko vikikauka, maskini anajigonga kwenye chuma kila anaponyanyua mguu. Nani angetembea kwa furaha namna hiyo?

Sasa mtu mwenye akili timamu atauliza: mnyama mkubwa hivi anahisije vitu vidogo hivi? Nami niliuliza. Nikaonyeshwa nzi. Nzi mmoja alikuwa ametua kwenye bega la Captain, na ngozi ya mahali pale, pale peke yake, ikatetemeka kumfukuza. Nikaelewa kwamba nimekwisha. Kiumbe anayehisi uzito wa nzi, utamficha nini wewe wa kilo 90, ukiongeza na mkopo wa sacco?

Tena si ushambenga, ni urithi. Farasi ni mnyama wa kuliwa. Wazee wake waliosubiri kumwona simba kwa macho yao wenyewe hawakuacha watoto. Waliobaki ni wale waliotimua mbio mara tu walipoona mwenzao amekaza shingo. Sasa wewe umemkalia mgongoni, mahali hasa ambapo simba angerukia, kisha unakauka ghafla, unabana pumzi. Yeye atajuaje kwamba unamwogopa yeye? Haimjii akilini kwamba kuna mtu wa kumwogopa farasi. Anachojua ni kwamba mwenzake wa juu ameona kitu. Masikio yanasimama, anaanza kumtafuta simba. Na huku kwetu, ambako Mbuga ya Taifa ya Nairobi iko jirani na simba wamewahi kutoroka wakaonekana mitaani, siwezi kumwambia kwamba wazo lake ni la kipuuzi.

Nikadhani labda mwalimu ananizuga kwa hadithi za zizini. Nikaenda kusoma, maana mimi nikionewa huwa nasoma. Afadhali nisingesoma. Mwaka 2009 watafiti wa Sweden walichapisha matokeo ya jaribio lao la watu 37 na farasi 27. Mtu alimwongoza farasi kwa kamba, au alimpanda, wakaenda mwendo wa mita 30, mara kadhaa. Kabla ya mara ya nne mtu akaambiwa kwamba safari hii, akipita, mwavuli utafunguliwa ghafla mbele ya farasi. Basi. Mwavuli haukufunguliwa. Hakukuwa na nia ya kuufungua. Lakini moyo wa mtu ulianza kwenda mbio, na moyo wa farasi nao ukaenda mbio, awe anaongozwa au amepandwa. Farasi, kumbuka, hakuwa ameambiwa habari ya mwavuli wowote.

Mimi na umri huu nina miavuli mingapi? Bodaboda isiyo na bomba la moshi inayopita nyuma ya ua. Mbwa wa jirani. Karo ya muhula ujao. Yote haijafunguliwa, na yote Captain anaisoma.

Nikasoma zaidi, nikakutana na Hans. Huyu alikuwa farasi wa Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, mali ya mwalimu mstaafu wa hesabu aliyeitwa Wilhelm von Osten. Ukimwuliza tano jumlisha tatu, anapiga kwato mara nane. Ujerumani nzima ikashangaa, tume ikaundwa, na tume ikashindwa kuona ulaghai. Mwaka 1907 mwanasaikolojia Oskar Pfungst akamchunguza kwa subira, akagundua kwamba Hans hujibu sawasawa pale tu muulizaji anapolijua jibu, na Hans anapomwona muulizaji. Muulizaji alikuwa anainama kidogo kutazama kwato. Idadi ilipotimia, kichwa chake kilinyanyuka kiasi kidogo mno ambacho watu hawakukiona. Hans alikiona, akaacha kupiga. Kinachonitisha ni hiki: Pfungst mwenyewe, akiwa ameshaijua siri, alijaribu kujizuia asitoe ishara ile, akashindwa. Kichwa kilinyanyuka tu.

Wapo waliosema basi Hans si mwerevu. Nami nasema wamemwonea. Nusu ya mitihani yangu ya mdomo nilifaulu kwa kutazama uso wa mwalimu, na cheti nilipewa.

Turudi kwenye mikalitusi. Kwa nini kushoto? Mwalimu alisimama nyuma yetu, akafumba jicho moja, akauliza mkoba wa kompyuta huwa naubeba bega gani. La kulia. Akatikisa kichwa. Miaka ya kuubeba mkoba ule imelifundisha bega la kulia kupanda ili mkanda usiteleze, na nyonga ya kushoto imezoea kubeba salio. Nikikaa kwenye tandiko, upande wa kushoto unakandamiza kuliko wa kulia. Mama aliyembeba mtoto mgongoni kwa leso anajua kinachofuata: mtoto akichungulia upande mmoja, mama naye anapiga hatua upande huohuo, la sivyo wataanguka wote. Captain alikuwa anafanya hivyohivyo, anasogea chini ya uzito ulikoelekea. Mimi namvuta hatamu ya kulia arudi, huku makalio yangu yanamwomba kushoto. Akasikiliza makalio. Makalio, naambiwa, ndiyo yenye sauti kubwa kuliko viungo vyote.

Halafu kuna kichwa. Kichwa cha mtu mzima kina kilo kama 5, na mimi changu huwa nakiinamisha nitazame chini, kwa sababu chini ndiko nitakakoangukia. Ukitazama chini mabega yanajikunja, kifua kinaporomoka, uzito unahamia mbele. Farasi hata bila mtu hubeba sehemu kubwa ya uzito wake kwenye miguu ya mbele, karibu asilimia 60. Unamwongezea pale palipokwisha kuelemewa, kisha unashangaa kwa nini anajikwaa. "Tazama unakokwenda, mzee." Sawa, lakini niendako sikupanga mimi.

Mkao wenyewe unaelezwa kirahisi sana na watu wanaouweza. Sikio, bega, nyonga na kisigino viwe kwenye mstari mmoja wima. Usikae kitini: simama, miguu imepanuka, ila katikati pamewekwa farasi. Xenophon, askari wa Ugiriki, aliandika habari hiyo ya kutokaa kitini katika karne ya nne kabla ya Kristo. Kipimo ni hiki: farasi akiyeyuka ghafla chini yako, utue kwa miguu. Captain akiyeyuka leo, nitatua kwa kitako, na gharama ya mgongo italipwa na punguzo lile.

Huko Vienna, kwenye Spanish Riding School, shule iliyoanza karne ya 16, kijana anayeingia hawekewi hatamu mkononi. Anapandishwa farasi aliyefungwa kamba ndefu inayoshikwa na mwalimu, wanazungushwa, bila hatamu, bila vikuku vya kukanyagia, kwa miezi na miezi, mpaka nyonga zake zijifunze kwenda na mgongo wa farasi. Nilipomsimulia mwalimu wangu habari hii nikitegemea atanihurumia, macho yake yaling'aa. Wiki iliyofuata vikuku vyangu vilikuwa vimevuliwa. Msisome sana.

Nikajaribu kujitetea kwa hoja ya mashindano. Nikasema, mbona pale uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, ninakokwenda Jumapili kula nyama na kupoteza pesa, wale vijana wanaoshindana hawakai wima? Wamejikunja juu ya shingo ya farasi, vikuku vifupi, makalio hewani! Nilidhani nimempata. Hata kidogo. Mkao ule nao una historia yake. Willie Simms, Mmarekani mweusi, alikwenda nao Uingereza mwaka 1895, na Tod Sloan, Mmarekani mwingine, akafuata mwaka 1897. Waingereza, waliozoea kukaa wima kwa heshima, walicheka mpaka walipoanza kushindwa. Kisha wakajikunja wote. Watafiti wa Uingereza walipopiga hesabu, wakachapisha mwaka huohuo wa mwavuli, 2009, walikuta kwamba mkao huo ulipoingia, muda wa kukimbia ulipungua kwa asilimia 5 hadi 7. Sababu ni kwamba yule kijana hatulii hata chembe. Magoti na vifundo vyake vinakunjuka na kukunjika kwa kila hatua, ili mwili wake usafiri kwenye mstari ulionyooka huku farasi akipanda na kushuka chini yake. Farasi anabeba uzito wake, lakini halazimiki kuurusha juu na kuudaka tena kwa kila hatua. Kwa hiyo aliyejikunja naye amelegea, tena kuliko wote. Hoja ikaniangukia mwenyewe.

Lakini aliyenimaliza kabisa si wa Vienna wala wa Ngong. Ni kijana wa Lamu. Waliofika kule wakati wa Maulidi wameyaona mashindano ya punda ukingoni mwa bahari. Hakuna tandiko, hakuna kikuku. Kijana amejipachika nyuma kabisa, karibu na mkia, miguu inaning'inia, kanzu imepandishwa, na punda anakwenda shoti katikati ya watu wanaopiga vigelegele. Siku za kawaida kijana huyohuyo yuko juu ya punda aliyetoka kubeba mchanga, anapita kichochoro kisichozidi upana wa mikono miwili, mguu mmoja ameukunja, anaongea na mtu aliye dirishani ghorofani. Hajafundishwa mstari wa sikio na kisigino. Ila ameanguka. Ameanguka tangu ana miaka sita, mchangani, majini, mbele ya wajomba, akachekwa, akapanda tena. Mwili wake umeshajua kuanguka kukoje, haukuogopi tena. Wangu haujui, na bima yangu ya afya imenieleza kwa barua kwamba isingependa ujue.

Aliyenisaidia, kama ni msaada, ni saisi. Ni mzee wa makamo yangu anayewafunga farasi matandiko asubuhi na kuwafungua jioni, na wakati wote huu alikuwa ameegemea uzio anatafuna unyasi. Siku moja mwalimu alipokwenda kupokea simu, akanisogelea. "Mzee mwenzangu," akasema, "imba."

"Niimbe nini?"

"Chochote. Anayeimba hawezi kubana pumzi."

Nikaimba taarab. Nilianza kwa kunong'ona, nikafika kiitikio nimesahau nilipo. Na hapo, jamani, Captain akateremsha shingo. Akapuliza pua kwa nguvu, akaanza kuitafuna lijamu taratibu, masikio yakalegea pembeni. Ile mikalitusi tukaipita tumenyooka. Ukitoa pumzi tumbo linalainika, tumbo likilainika kiuno kinafunguka, kiuno kikifunguka magoti hayana tena cha kushikilia. Hakuna aliyeniamuru nilegee. Nilikuwa nashughulika na kiitikio.

Binti yangu alikuwa kwenye uzio na wenzake. "Baba, tafadhali," akasema, akajifunika uso kwa kofia ya kupandia. Sikumjali. Tulikuwa tunakwenda vizuri, mimi na mzee mwenzangu wa pili, yule wa miguu minne, mpaka simu ilipotetemeka mfukoni. Sikuitoa. Sikuitazama. Nilijua tu kwamba ni mwisho wa mwezi, na ujumbe wa mwisho wa mwezi hutoka sacco. Uso wangu haukubadilika hata kidogo, mashahidi wapo.

Captain akasimama wima, akanyanyua kichwa, akaanza kutafuta simba.

Kwa hiyo, walimu wa farasi wa Karen na kwingineko, nawaombeni kwa heshima. Acheni kumwamuru mtu alegee. Hakuna msuli unaoitikia amri hiyo, hata Pfungst alishindwa. Mpeni mtu kazi inayofanyika: toa pumzi, hesabu hatua kwa sauti, tazama kilele cha ule mti, shusha kisigino cha kushoto. Simu zikusanywe langoni, hasa mwisho wa mwezi. Masaisi waongezewe mshahara, maana wao ndio wanaofundisha. Na siku za wazazi, Captain apewe karoti kabla ya somo, si baada.